Safu Iliyo Tupu

Saa nane za usiku, Brno.
Tramu ya mwisho imeshapita Královo Pole,
theluji inayeyuka kabla haijagusa reli.
Radovan ameniachia chai iliyopoa na karatasi:
"Mashine ya kiwanda cha maziwa imezimia tena.
Inawaka, inaanza kusajili kadi ya mtandao, inakufa."

Nasoma maneno yake ya mwisho.
Mashine nayo huacha wosia:
nani alimwita nani, naye akamwita nani,
na chini kabisa, anwani sifuri.
Kiini kiliita mahali pasipo na mtu,
kikaingia mzimamzima.

Kadi ni ya zamani. Kiendeshi chake kiliandikwa
na Otakar Vybíral wa Zlín,
ambaye siku hizi anafuga nyuki na hajibu barua.
Jedwali lake lina safu kumi na nne:
fungua, funga, tuma, badili anwani.
Kwenye safu ya maandalizi hakuandika kitu.
Hakusahau. Kadi yake haikutaka kuandaliwa,
na hiari ni hiari.

Kosa ni letu.
Wiki iliyopita mtu alipiga deki msimbo
(nasema mtu; sahihi ni yangu)
akafuta mstari ulioonekana wa ziada,
ule uliokuwa ukiuliza, yupo?
kabla ya kuita.

Kuuliza si ujinga. Lakini kuna namna ya kuuliza.
Mama yangu, Vlasta, alinisimulia ofisi ya vizazi, Břeclav,
karani mwenye wino wa zambarau.
"Jina la baba?"
Mama akatazama dirishani.
Karani akangoja kidogo, akachora kistari kwenye kisanduku,
akaupuliza wino ukauke.
"Tuendelee. Mtoto ana uzito gani?"
Hakuuliza mara ya pili.
Hakusema fomu haijakamilika.
Nikasajiliwa. Ninapatikana. Barua zinanifikia.

Naurudisha mstari.
Ikiwa kazi ya maandalizi ipo, iite.
Ikiwa haipo, pita,
usibishe hodi ukutani ukidhani ni mlango.

Ila asiyeitika kwa kuwa hayupo
si sawa na aliyepo akasema siwezi.
Huyo akisema siwezi, fungua yote uliyofunga,
rudisha namba, rudisha jina,
kinyumenyume, kama tunavyovua nguo za baridi,
la mwisho kuvaliwa ndilo la kwanza kutoka.
Kisha achia kufuli,
maana ni moja tu kwa nyumba nzima
na wengine wako foleni.

Na yule anayerudi na namba chanya?
Si sifuri ya salama, si hasi ya kosa,
kitu fulani kikubwa, chenye tabasamu, kisicho na maana tuliyokubaliana?
Mhesabu mkosaji.
Nilimjua mmoja. Alikuja nikiwa na miaka kumi na tisa,
na boksi la chokoleti,
akasema maneno mengi sana jikoni kwetu,
na hakuna hata moja lililokuwa jibu.
Chokoleti tulizila. Zilikuwa za lozi.

Saa kumi na moja. Naiwasha mashine ya majaribio,
kadi ya aina ileile, vumbi lilelile.
Inafika kwenye safu tupu.
Inauliza.
Inapita.
Taa ya kijani inapepesa pembeni ya waya,
na mahali fulani huko Vysočina
maziwa yatahesabiwa asubuhi hii.

Naandika maelezo ya rekebisho:
*Uliza kabla ya kuita.*
Aliyeripoti: Zdislava, zamu ya usiku, kiwanda cha maziwa.
Aliyeharibu: mimi.
Aliyerekebisha: mimi.
Aliyehakiki:

Hapo naacha wazi.
Radovan bado amelala,
na rekebisho halitakufa kwa hilo.