Kipaji cha Uso

Lowri alikuja Jumanne na sanduku la samawati,
mvua ya Swansea ikimchuruzika mabegani,
akapanga vyombo vyake juu ya meza yetu ya kulia
kama mchuuzi anayejua hutanunua vyote.

Kwanza tufe jekundu, ukubwa wa chungwa.
"Libingirishe kwa kiganja," akasema.
Kiganja gani? Tangu ile barafu ya Townhill
mkono wangu ni mkono wa birika kwelikweli:
umejikunja, haumpi mtu kitu,
hata mimi mwenyewe haunipi.
Tufe likaanguka, likaingia chini ya kabati.
Paka wa jirani alilifurahia.

Kisha fimbo ya kusukuma kwa kidevu.
Nikaielekeza kushoto, mshale ukaruka juu kulia,
ukajibanza pembeni mwa kioo
kama panya halisi aliyewashiwa taa.
Hao waliokiita kipanya
sidhani waliwahi kumfukuza mmoja kwa kidevu.

Kisha mrija: vuta pumzi, umebofya;
puliza, umebofya mara mbili.
Nikacheka katikati ya kuvuta
na barua ya benki ikafutika.
Shekue, mume wangu, akasema afadhali.

Mwishowe akatoa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati:
nukta ya fedha, yenye gundi nyuma.
Akanibandika juu ya nyusi,
pale pale palipokuwa pakigusa mkeka
mara tano kwa siku, kabla ya barafu.
Kamera ikaiona.
Nikainamisha kichwa, mshale ukainama.

Lugha yangu ilijua siku nyingi:
kipaji ni hapa, usoni,
na kipaji ni kile mtu anachopewa bila kuomba.
Sikuwahi kudhani ni mahali pamoja.

"Ukifika unapotaka, tulia," Lowri akasema.
"Sekunde moja. Kitabofya chenyewe."
Kutulia! Mimi niliyetulizwa miezi minane,
nikageuzwa, nikapanguswa mdomo,
leo kutulia ndiko kutenda.

Nilijua pa kwenda.
Kuna barua kwa dada yangu Mwanamkasi,
niliiacha asubuhi ile nikakimbilie maziwa dukani.
Shekue hakuifunga.
Kila usiku alizima kompyuta,
kila asubuhi akaifungua tena pale pale,
kama mtu anayefunikia mgeni chakula.
Mstari wa mwisho unasema:
"Kuhusu pesa za bati usihangaike, mimi nita"

Basi. Nita.
Kiambishi kisicho na kitenzi,
mguu ulioinuliwa, ngazi haipo.

Na sasa nakiri: nimesahau.
Nitatuma? Nitakopa? Nitakuja?
Muda wote nilidhani neno hilo linaningoja,
kumbe nalo liliondoka siku ile ile.

Lowri akaitazama saa kwa adabu;
ana mtu mwingine Llanelli saa tisa.
Kibodi ikafunguka kiooni, nikaanza.
Herufi ya c iko chini, shingo ikauma.
Ya h nikaipitiliza, nikapata j, nikarudi, nikafuta.
E. L. Nikapumzika. E tena.
W ilinikataa mara tatu.
Dakika kumi na moja kwa neno moja,
na Shekue akalisoma kwa sauti kama hukumu:
"nitachelewa."

Lowri akauliza maana yake.
Akaambiwa. Akakaa tena, koti akiwa amelivaa mkono mmoja,
akaomba chai.

Usiku tulisahau kuibandua ile nukta.
Saa nane Shekue alikuja na tochi ya simu kunigeuza ubavu,
ikamrudishia mwanga wake machoni.
"Unanibofya?" akauliza.
Nikamwambia atulie.
Sekunde moja tu.