Upindo

Daftari langu la vipimo halitunzi majina ya watu wote,
linatunza ya waliolipa nusu.
Ukurasa wa tisa, kwa kalamu ya risasi:
Dismas, wa Mama Kihwele, kaptula ya shule,
kiuno ishirini na mbili.
Na pembeni, kama mama yake alivyosema:
Acha upindo, fundi. Huyu anakua usiku.

Nikaacha inchi tatu kwa ndani.
Hapa Keko Magurumbasi, mashine yangu iko barazani,
jirani zangu ni mafundi wa makochi,
na vumbi la mbao linaingia kwenye kila mshono.
Mwaka wa kwanza nikafumua inchi moja,
wa pili nyingine,
na kila nilipofumua ukabaki mstari,
buluu mbichi chini ya buluu iliyopauka.
Wenzake wakamwita Ngazi.
Aliitika.

Kisha miaka ambayo daftari halina neno.
JKT, halafu jeshi,
na nguo za jeshi hazishonwi barazani.

Ukurasa wa sitini na mbili.
Amekuja na kitambaa cha kijivu, mita tatu na robo,
suti ya sendofu ya dada yake Tulinave, Desemba.
Kasimama mbele yangu kama yuko gwaride,
kifua mbele, macho ukutani kwenye kalenda ya duka la rangi.
Pumua, nikamwambia,
nguo ya asiyepumua haivaliki.
Akacheka, akapumua,
tepu ikasogea kutoka arobaini hadi arobaini na moja.
Nikaandika arobaini na moja.
Nusu nyingine nikirudi, akasema,
tunakwenda ng'ambo ya ziwa, kulinda amani.

Mimi risasi niliyoizoea ni hii ya kalamu.
Ukikosea, unafuta.

Gari lao lilisimama hapa saa nne asubuhi,
watu wawili, viatu vinang'aa kupita mtaa wetu.
Kwa Mama Kihwele ni wapi?
Mdomoni nilikuwa na pini sita.
Nikawaelekeza kwa kidevu.
Hivyo tu, kwa kidevu,
kama mtu anayeonyesha duka la vocha.

Lugalo tulikwenda na basi la kukodi.
Mzungumzaji alizungumza vizuri.
Alisema shujaa, akasema taifa, akataja namba yake yote.
Ngazi hakusema; angejuaje?
Waliikunja bendera kona kwa kona
na mimi, Mungu anisamehe,
nilikuwa naangalia pindo zake,
nani kazishona, na kwa uzi gani.

Mwezi ulipopita, Mama Kihwele akaja.
Akafungua pindo la kanga, akahesabu noti mbele yangu:
ile nusu.
Nikasema hapana, mama.
Akasema, mwanangu hadaiwi.
Nikapokea.
Kisha akamsogeza Yusto, miaka kumi na minne,
masikio matupu, shingo kama ya kuku:
Mpunguzie huyu. Desemba haikuahirishwa.

Nikampima. Kifua thelathini na moja.
Akabana pumzi.
Nilifungua mdomo nimwambie lile neno,
likakataa kutoka.

Mkasi ulikuwa mezani, umenolewa.
Kupunguza suti ni kukata, kila fundi anajua,
ukikunja kitambaa chote kwa ndani nguo inavimba,
inakaa vibaya mabegani, mteja analalamika.
Sikukata.
Nilikunja usiku kucha kwa taa ya betri, umeme umekwenda zake,
inchi kumi za kaka yake
nikazificha kifuani, kwapani, miguuni.
Safari hii mama hakuniambia niache upindo.

Siku ya sendofu Yusto alipita hapa kujionyesha.
Mikono aliiacha mbali na mwili,
kama amebeba ndoo ambazo hazipo.
Inabana? nikauliza.
Akafikiri.
Haibani, fundi.
Nzito.