Sura ya Tatu

Msimamizi amenirudishia sura ya tatu,
wino mwekundu umeitapakaa kama aproni ya mchinjaji.
Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo:
"Ondoa 'mimi'. Mtafiti haonekani."

Basi nimekaa jikoni, Pasua, saa sita usiku,
luku imebakiza yuniti mbili na ushee,
namsaka mimi kwenye kurasa arobaini,
namtoa mmojammoja
kama mawe kwenye mchele.

Nina miaka arobaini na tatu.
Darasani wananiita Mama, hata mhadhiri.
Ada ya kwanza ilitoka kwenye kikoba,
ya pili kwenye kihamba cha marehemu baba, upande wa mtoni,
ya tatu bado haijasema itatokea wapi.
Mume wangu hunitania:
"Miaka kumi na sita umekuwa afisa ustawi,
leo unakwenda kusomea kazi unayoifanya?"
Ndiyo, baba Nakijwa.
Nataka kujua nilikuwa nafanya nini.

Jumamosi nilipanda Kibosho na dodoso.
Bodaboda akanishusha kwenye ua wa masale,
tope hadi kwenye vifundo.
Bibi Aikaeli akanipa kigoda, akanipa chai,
nikamsomea fomu ya ridhaa:
kushiriki ni hiari, jina lako halitatajwa,
unaweza kusitisha wakati wowote.

"Kusitisha," akasema.
"Siku ile hakuna aliyeniambia hivyo."

Sikusikia vizuri. Nilikuwa natafuta kalamu.

Swali la nne.
Kwa kipimo cha moja hadi tano,
umeridhika kiasi gani na huduma ya ustawi wa jamii?

Akageukia mgomba ulioangushwa na upepo.
"Frumensi wangu alikuwa na miaka mitano,
kama hiyo tano yako.
Akaja dada mmoja na faili la kijani.
Akahesabu: kitanda kimoja, sufuria moja, bibi mmoja.
Akaandika.
Gari liliunguruma muda wote, dereva hata hakuzima.
Mtoto akapanda anacheka,
ameambiwa anakwenda kuona ndege."

Dereva hakuzima kwa sababu betri ilikuwa mbovu.
Tungezima, tungesukuma.
Na ndege,
ndege niliisema mimi.

Kwenye mapitio ya maandiko jambo hili lina jina,
jina refu, la heshima, lenye mwaka kwenye mabano.
Nimelinukuu mara tisa.
Halina mlio wa gari.

Frumensi sasa yuko Arusha, anachomelea mageti.
Hupiga simu Krismasi.
Bibi humsalimu Kikibosho, yeye hujibu "shikamoo",
Kikibosho chake kilibaki makao ya watoto
pamoja na sweta.

Namba hakutaja. Kisanduku cha swali la nne nimekiacha kitupu.

Mwisho akachovya dole gumba kwenye wino,
akalikandamiza karatasini taratibu
kama mtu anayeziba tundu la panya.
Akajifuta kwenye kanga.
"Safari hii," akasema, "andika polepole.
Siku ile uliandika haraka."

Nilishuka kwa miguu mpaka barabarani.
Bodaboda walinipigia honi, sikuinua mkono.

Sasa luku imeanza kulia.
Nimeshafuta mimi mia moja na kumi.
Amebaki mmoja, ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa chini:
Afisa aliyemwondoa mtoto ni mimi.

Huyu simgusi.
Dakta atamzungushia duara jekundu. Azungushe.
Kesho nitapanda ngazi hadi ofisini kwake, nitabisha hodi,
nitamweleza kwamba Bibi Aikaeli
ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto,
mlango wa nyumba yake mwenyewe anaupapasa,

na aliniona.