Nukta Mbili

Kecskemét, majira ya baridi, mwaka wa themanini na tatu.
Kazi yangu ilikuwa nyeupe:
rangi namba saba, kopo la bati, brashi ya manyoya ya kindi,
na bata bukini mmoja aitwaye Szilva
niliyempaka mara elfu nne na ushei
upande wa nyuma wa plastiki angavu,
nimevaa glavu za pamba zilizokatwa vidole viwili.

Emőke Szalontai ndiye aliyemchora.
Mviringo, shingo, mdomo wa mstari mmoja,
kisha akachovya kalamu, akagusa karatasi: to. To.
"Basi," akasema, "hayo ndiyo macho,"
akaenda kuchemsha kahawa.

Ndugu Halmi akaja kutoka Budapest na mkoba wake.
Alimtazama bata kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Macho yako wapi? Watoto wanataka macho!
Mapana kama sahani, yenye kope, yenye tone la mwanga.
Kizuri chajiuza, ndugu Szalontai."

Tukamchora wa pili, kama alivyoagiza.
Nilimtia kope kwa brashi ya unywele mmoja,
nikatia ile nuru, na nyingine ndogo chini yake,
na haki ya Mungu alikuwa mzuri,
mzuri kama mkebe wa biskuti.

Wakaletwa watoto wa chekechea ya Mtaa wa Reli,
wakaketi sakafuni na buti zenye theluji.
Wa macho makubwa alilia, wakamwona analia.
Akacheka, wakamwona anacheka.
"Anapendeza," wakasema, wakarudi kugombea mkate.

Wa nukta mbili hakulia.
Alisimama tu kando ya bwawa lililoganda,
wenzake wamekwisha ruka,
akageuza shingo, taratibu, picha kumi na nane.
Chumba kikanyamaza.
Borka akasema: ana usingizi.
Zsombor akasema: hapana, amekasirika, hataki tujue.
Na yule mdogo, aliyevaa koti la dada yake,
hakusema kitu. Alisogea hadi penye kitambaa,
akaweka kiganja palipo na shingo,
na bata akampanda mkononi, akawa mwanga juu ya kucha zake.

Nikamkumbuka baba,
mpanga mabehewa wa stesheni, kofia hadi kwenye nyusi,
uso wake nukta mbili na mstari.
Watoto watano tulikua tukiusoma uso ule mezani,
kila mmoja akisoma barua yake.
Siku ya mazishi tuligombana: alikuwa mtu wa namna gani?

Macho hayana pazia, husemwa.
Ya Szilva yalikuwa pazia,
na nyuma yake kila mtu alimficha mtu wake.

Nilimwambia Emőke. Akapuliza kahawa.
"Ni mviringo, mistari, na vitone viwili vya wino.
Mimi sikumpa huzuni. Niliacha nafasi.
Huzuni mmekuja nayo wenyewe,
kama watu wanaokuja arusini na viti vyao."

Machi, plastiki ikaadimika.
Amri ikatoka: filamu imekwisha, osheni zote, zitumike tena.
Beseni, maji moto, magadi, tambara.
Nyeupe yangu ilitoka kwanza,
ikaelea kama maziwa yaliyokatika.
Wino ulikuwa mbishi.
Shingo ikaenda, mdomo ukaenda,
zikabaki nukta mbili kwenye plastiki tupu,
bila kichwa, bila bata,
zinanitazama.

Mimi nilimjua. Nilijua kopo lake,
namba yake, bei yake kwa kilo.
Hata hivyo nikaangalia mlango,
nikaisunda ile moja chini ya sweta, mbichi vile vile,
na njia nzima hadi nyumbani,
maji yakinichuruzika hadi kiunoni,
naapa nilihisi baridi mahali pawili tu.