Kifungu cha Basi

Fomu imenifikia saa tatu asubuhi,
kurasa sita, pini yake imeshika kutu.
Sekondari ya Pašilupys inaomba euro mia nane na arobaini:
kukodi basi, kununua mishumaa, kumlipa mwongozaji,
wanafunzi thelathini na wanane wafike msituni, kwenye mashimo,
kilomita nne kutoka darasani.

Kilomita nne! anacheka Gintautas wa meza ya pili.
Si watembee? Zamani watu walitembea.
Kisha anafunga kinywa, maana amejisikia.
Wale wa mwaka arobaini na moja walitembea,
njia hiyohiyo, mbele ya duka la mkate, mbele ya kanisa,
wakitazamwa na mapazia.

Safu ya tano inataka matokeo, kwa kipimo.
Mwalimu Vytenis amejaza kwa mkono, herufi zimevuka mstari:

Mwaka jana tulienda. Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba.
Siku ya tatu Skaistė aliniletea swali.
Mwimo wa mlango wao, upande wa kulia,
una matundu mawili ya misumari, yamekaa mshazari.
Yamepakwa rangi mara saba na bado hayajajaa.
Palipigiliwa nini pale, na nani alikibandua?
Bibi yake amejibu: panya.
Kipimo cha jambo hili sikijui. Naomba mnisaidie.

Miaka kumi na tisa niko wizarani.
Serikali haina macho ya kulia.
Ina mihuri, ina wino wa buluu,
ina shada la maua la kila Septemba
na hotuba ya dakika saba, mwavuli ukishikwa na mtu mwingine.
Shada lina kifungu chake, tena kinono kuliko cha basi.
Nimekata utepe wa hariri. Nimekata maua ya Uholanzi.
Yaliyobaki yatatosha; wafu hawahesabu petali.
Tofauti nimeihamishia kwenye dizeli.

Msinisifu.
Kwa mama yangu kuna kabati la vyombo,
mlango wake umechongwa zabibu, ufunguo haujawahi kuonekana.
Nilipokuwa mdogo niliuliza lilitoka wapi.
Lilikuwepo, alisema mama.
Lilikuwepo: kama mvua, kama kilima,
kitenzi kilichooshwa mikono.
Nami nimekula supu mbele yake nusu karne
bila kuuliza mara ya pili.
Binti wa miaka kumi na minne ameuliza ya kwake
kwa sababu ya basi.

Nimegonga muhuri. Imekubaliwa.
Wanafunzi thelathini na wanane, mwalimu, mwongozaji.
Basi lina viti arobaini na vitano.
Pembeni nimeandika, kwa penseli ili iweze kufutika:
mama anaweza kukaa dirishani?