Msimu wa Kumi na Tisa

Hapa Tabora misimu naijua.
Upo wa tumbaku, unanuka kwenye mashati ya watu hadi Juni.
Upo wa asali, baba anarudi kutoka pori la Sikonge
na ndoo mbili na jicho moja limevimba.
Kila msimu huacha kitu: gunia, deni, nta.

Msimu wa mchezo ulikuja kila baada ya wiki kumi,
mvua inyeshe isinyeshe.
Shoka jipya, farasi mwenye pembe,
na saa pembeni ya kioo ikihesabu kurudi nyuma:
nunua leo, kesho halipo.
Nilinunua. Elfu sita kwa simu,
pesa ya kunyoa vichwa vitatu pale Kanyenye.
Joho la kijani, mgongoni limedariziwa mwezi.
Hakuna aliyeniambia
kwamba nimelikodi.

Tulikuwa wanne kwenye banda la Mihambo, nyuma ya stesheni:
mimi, yeye, Kalunde wa duka la dawa,
na Shija aliyecheza amesimama
kwa sababu viti vilikuwa vitatu.
Bando la usiku, saa sita hadi kumi na mbili.
Treni ya Mwanza ikiingia meza inatetemeka,
na sisi tupo juu ya ukuta wa Zarakwe
tunalinda lango na Mbrazili mmoja,
jina hatulijui, sura hatuijui,
ila tulimfundisha "mwangaluka"
naye akawa anaiandika hata jioni.

Tangazo lilikuwa mistari mitatu.
Tunawashukuru kwa safari hii ya pamoja.
Safari!
Watu wa reli hatudanganyiki na neno hilo.
Treni ikifutwa nauli hurudishwa,
au walau unampata mtu wa kumtukana dirishani.

Usiku wa mwisho tulijaa langoni.
Maadui wa miaka mitano wakaweka silaha chini,
mmoja akawasha moto, wengine wakauzunguka
kama matanga yasiyo na maiti.
Kalunde alipita mtaa hadi mtaa
akipiga picha vibao vya maduka.
Saa tisa kamili Mbrazili aliandika "mwanga"
na hakumaliza.

Muunganisho umepotea. Jaribu tena.
Shija alijaribu tena.
Alijaribu tena hadi adhana ya alfajiri.

Mihambo alikaa kimya miezi saba.
Kumbe huko duniani wako watu
waliorekodi maongezi ya mchezo na seva yake,
neno kwa neno, kama umbea wa ukuta mmoja,
naye akawa anayaokota, anayaunga,
anaifundisha kompyuta kuukuu ya shule ya sekondari
kuigiza sauti ya aliyekufa.
Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga.
"Si wizi huu?" Kalunde aliuliza.
"Wanasema ni mali yao. Sawa.
Mbona wameuzika, na kaburi hawalipalilii?"

Tukaingia.
Lango lipo. Kibao cha mfua vyuma kipo, herufi moja imekosewa,
tukarekebisha kwa picha za Kalunde.
Joho langu halipo:
daftari la nani alinunua nini waliondoka nalo.
Mihambo akasema, naweza kukupa yote, mia nne,
kwa mstari mmoja tu.
Nikachukua lile lile.

Sokoni kimya. Hatua zangu mwenyewe nazisikia.
Diski inabeba mawe, taa, mvua ya Zarakwe;
zogo la watu haibebi.

Mzinga ukihamwa na nyuki, baba haupasui kuni.
Huupaka nta mdomoni, huupandisha tena mtini,
na huenda zake.

Kwenye ukuta wa lango nimeandika "luka".
Kila Ijumaa tunaingia, wanne, waya mmoja.
Shija bado anasimama,
ingawa viti sasa ni vinne.