Maji ya Ukutani

Mafuta ni yale ya kuagiza, si alizeti ya Kibaigwa.
(Ya alizeti nilijaribu siku moja, yakavuruga kila kitu,
na Dakta Mahinyila akasema: Perisi, hapa si jikoni.)
Nikapima sabuni, nikaikoroga hadi ikayeyuka,
kisha tone la maji kwa sindano nyembamba,
na chupa ikachafuka kama uji mwepesi.
Nikaitikisa.
Nikaitikisa tena.
Ikatakata.

Usidhani maji yamepotea.
Yamo, yamegawanyika vidimbwi visivyohesabika,
na kila kidimbwi kimezungukwa na sabuni,
vichwa ndani, mikia nje,
kama ng'ombe wa Bahi mwezi wa kumi
waliobakiwa na lambo moja:
ukija kwa nyuma huoni maji,
unaona mikia tu, na inzi.

Dakta huyahoji maji kwa mwanga.
Huyapiga mmweko mfupi, mfupi hata neno "kufumba" ni refu mno,
kisha hungoja: mnageuka kwa kasi gani?
Ya katikati hujibu upesi,
yanashikana mikono na kuachana
kama maji yoyote ya kisima.
Ya ukutani huchelewa.
Vichwa vya sabuni vimeyakamata,
yanataka kugeuka, yanaanza, yanaahirisha.

Hapo nikacheka peke yangu kwenye koti jeupe.

Tulikuwa saba, chumba kimoja, Ng'hong'hona.
Ndahani katikati, akirusha mateke,
akigombana na ndoto zake kwa sauti,
akigeuka mara kumi kabla jogoo hajawika.
Mimi nililala kama ufa:
tope kavu mgongoni, pumzi ya Loi shingoni,
ubavu uleule hadi asubuhi.
Watu walisema, Perisi mpole.
Sikuwa mpole. Nilikuwa ukutani.

Punguza maji, vidimbwi husinyaa.
Punguza zaidi, unafika mahali
ambapo katikati hakuna tena,
kila chembe imegusa ukuta.
Mwaka ule mvua ilipokata mwezi wa pili
na baba akaswaga dume la mwisho kwenda mnadani Msalato,
hata Ndahani aliacha kurusha mateke.

Jana umeme haukukatika.
Tuliweka chupa kwenye jokofu,
nyuzi kumi chini ya sifuri.
Maji ya kopo lililokuwa kando yakawa jiwe.
Yetu yalikataa.
Dakta ana maelezo ya kurasa nne, na michoro.
Mimi nina ya mstari mmoja:
kuganda ni kazi ya wengi, kunataka nafasi ya kujipanga.
Mama hakulia msibani kwa baba.
Wageni walinong'ona. Chumba kile hawakukijua.

Na kuna hili, ambalo bado linanishinda:
vidimbwi hugongana.
Mara nyingi hupishana tu, kila kimoja na hamsini zake.
Mara mojamoja kuta hufunguka, viwili huwa kimoja,
kilichokuwa huku huvukia kule,
kisha huachana,
na huwezi tena kujua nani alimkopesha nani.
Mama Chedego alikuwa akigonga usiku,
mkono mmoja tu ukapenya mlangoni na nusu ndoo.
Hakuingia. Hakungoja ahsante.
Asubuhi alitusalimia kama jana.

Leo ni zamu ya mtaa wetu, saa nane usiku.
Ndahani kapiga simu toka Kongwa, bado ana sauti ya katikati:
"Umeweka ndoo?"
Nimeweka saba, sijui kwa nini saba,
naishi peke yangu.
Kitanda changu ni tano kwa sita, nimekinunua kwa mshahara,
nililala katikati yake, mikono wazi,
na sasa nimeamka
mgongo umeshika ukuta.
Nje bomba linakohoa hewa,
linakohoa,
halijatoa kitu.